Joho la Rangi Saba: Jibu kwa Wanaoionea Haya Furaha

Wapo wapenzi wa majarida ya katuni ambao, wakialikwa kuwatazama mashujaa wao katika televisheni, huketi kama mahakimu. Wanajua kila kitu. Wanajua nani alimuumba nani, mwaka gani, katika toleo namba ngapi, na nani alikufa mara ngapi kabla ya kufufuliwa. Lakini mara tu vazi la shujaa linapoonekana kuwa limeshonwa kwa kitambaa cha bei nafuu, au adui wa kutisha anapotokea akiwa amepakwa rangi za sarakasi, ndita huwajaa usoni na hukumu hutolewa papo hapo: huu ni upuuzi, na aliyeutengeneza amewavunjia heshima. Hukumu hiyo imedumu Marekani kwa zaidi ya nusu karne, imerithishwa kizazi hadi kizazi kama wasia, na aghalabu hutolewa na watu walewale ambao, kwa ujuzi wao, wangepaswa kuwa wa mwanzo kuikatia rufaa.

Kinachohukumiwa khasa ni vipindi vya makutano. Tamthilia mbili, tatu au tano, kila moja ikiwa na shujaa wake, mji wake na siku yake ya wiki, hufunguliana milango kwa muda mfupi. Mashujaa hutembeleana, hugombana kwa kutoelewana, kisha huungana kumkabili adui mmoja. Jambo hili si geni. Machi 1967 Batman na Robin wa kituo cha ABC walikutana na Green Hornet na msaidizi wake Kato, aliyeigizwa na Bruce Lee, katika vipindi viwili vya usiku mfululizo, na pambano lao likaishia sare. Lakini mavuno makubwa yalikuja baadaye katika kituo cha The CW, pale Arrow, iliyoanza Oktoba 2012, ilipoizaa The Flash Oktoba 2014, na kuanzia Desemba ya mwaka huo ikawa desturi mashujaa hao kukutana karibu kila mwaka. Machi 2016 Flash alivuka hata mpaka wa vituo, akamtembelea Supergirl aliyekuwa bado CBS. Machi 2017 wawili hao walinaswa katika ndoto ambayo haina njia ya kutokea isipokuwa kuimba na kucheza. Novemba 2017 harusi ilivamiwa na Manazi waliotoka dunia nyingine. Na Aprili 2018 mashujaa wa Legends of Tomorrow, tamthilia ambayo yenyewe ni mkusanyiko wa watu wa tamthilia nyingine, walimshinda pepo wa kale kwa kuunganisha nguvu za hirizi zao, nazo zikamtoa Beebo, mwanasesere wa manyoya ya buluu, mrefu kama ghorofa.

Anayeyasoma haya bila ya kutabasamu ana haki ya kulifunga jarida hapa.

Mtindo huu una mwanafikra wake. Susan Sontag aliuandikia makala mashuhuri mwaka 1964, akaonyesha kuwa ni ladha ya kukipenda kilichotiwa chumvi kupita kiasi, na kwamba ndani ya kicheko chake mna huruma kwa kile kinachochekwa. Kwa Kiswahili neno mbwembwe linatosha, ikiwa litaeleweka kuwa ni mbwembwe za makusudi: rangi kali, maneno makubwa, na uso mkavu. Chini ya miaka miwili baada ya makala ile, tarehe 12 Januari 1966, Batman wa Adam West aliingia majumbani. Siri ya uigizaji wa West ni kwamba hakukonyeza jicho hata mara moja. Alimkumbusha Robin kufunga mkanda wa gari ilhali maisha ya mji mzima yananing'inia, na alimkumbusha kwa unyenyekevu wa imamu. Ngumi ilipopigwa, sauti yake iliandikwa kwa herufi kubwa katikati ya skrini, kama inavyoandikwa katika ukurasa wa jarida. Mtoto aliona ushujaa, mzazi aliona mzaha, na wote wawili waliketi mbele ya televisheni moja. Vikatengenezwa vipindi 120 kabla ya pazia kushushwa Machi 1968.

Miongoni mwa waliotazama usiku ule wa kwanza ni kijana Michael Uslan. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyofurahia rangi na gari, kisha akaumia alipotambua kwamba dunia inamcheka Batman, naye akala kiapo kumrudishia heshima yake. Mwaka 1979 yeye na Benjamin Melniker walinunua haki za filamu. Studio zikawafungia milango kwa miaka. Na mwaka 1989 ikatoka filamu ya Tim Burton. Ni kisa cha subira ya ajabu, na hakuna haja ya kumbeza aliyekiishi. Tatizo ni warithi wake. Wamekirithi kiapo bila ya kuyarithi mapenzi yaliyokizaa. Wameshika jambo moja tu, kwamba heshima na furaha haziketi mkeka mmoja, na kwamba anayetaka shujaa wake aheshimiwe hana budi amvishe nyeusi, amnyeshee mvua, na amkataze kucheka.

Na wao hudai kwamba wanatetea asili! Asili gani? Majarida yapo, na tarehe zake zinasomeka. Machi 1957, katika Detective Comics namba 241, Batman alionekana kila usiku akiwa na vazi la rangi nyingine, mpaka akaja na joho la rangi saba za upinde wa mvua. Miaka miwili kabla yake alikwisha kupata mbwa mwenye kinyago. Miaka miwili baada yake alitembelewa na kijitu cha ulimwengu mwingine kilichovaa nguo kama zake. Jimmy Olsen, rafiki wa Superman, aligeuzwa kobe mkubwa mwaka 1961, akapanda kutoka baharini. Adam West hakumletea Batman kichekesho; alikikuta nyumbani kwake, kimeketi kitini.

Wapinzani wana jibu, nalo si dhaifu. Watasema kwamba miaka ile ilikuwa miaka ya hofu. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu cha kuyashutumu majarida ya katuni kwamba yanawaharibu watoto. Baraza la Seneti likafanya vikao. Wachapishaji wakajitungia kanuni kali ya kujichuja wenyewe. Kwa hiyo, watasema, joho la rangi saba ni vazi la mfungwa: waandishi walinyimwa giza ndipo wakakimbilia vioja. Hoja hii ingesimama lau vioja vingeanza mwaka 1954. Lakini havikuanza hapo. Mwaka 1952, katika Superman namba 76, Superman na Batman waligunduliana siri zao kwa mara ya kwanza, na sababu ya kugunduliana ni kwamba meli ya matembezi ilijaa abiria, Clark Kent na Bruce Wayne wakapangwa chumba kimoja. Huo ndio msingi wa urafiki mashuhuri kuliko wote katika fani hii: upungufu wa vyumba melini. Na mwishoni mwa mwaka 1940, All Star Comics namba 3 iliwaketisha mashujaa wa majarida mbalimbali kuizunguka meza moja, wakasimuliana visa kwa zamu, kama watu wa baraza baada ya isha. Makutano na mzaha ni ndugu wa toka nitoke, nao ni wakubwa kwa umri kuliko kanuni yoyote.

Ukweli ni kwamba mwaka 1954 haukuacha vioja, uliacha aibu. Msomaji wa katuni alifundishwa kwamba anachokipenda ni uchafu au utoto, na tangu hapo amekuwa akitafuta cheti cha utu uzima. Mwaka 1986 alidhani amekipata, pale zilipotoka The Dark Knight Returns ya Frank Miller na Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons. Ni kazi kubwa zote mbili. Lakini waliozigeuza sheria hawakuzisoma vyema: kitabu cha Miller kimejaa dhihaka, watangazaji wa televisheni wanaopayuka, rais wa kikaragosi anayetoa hotuba huku akitabasamu. Wafuasi walilibeba giza, kicheko wakakiacha mezani.

Moore naye amekuja kusema mara kadhaa kwamba mashujaa hawa waliumbwa kwa ajili ya wavulana wadogo, na kwamba mtu mzima anayewashabikia ana kasoro. Msikilizaji makini atatambua kwamba Moore na wale mahakimu wenye ndita, ijapokuwa hawapatani, wamekubaliana juu ya jambo moja: furaha ya namna hii ni mali ya watoto. Mmoja anasema basi watu wazima waiache. Wengine wanasema basi na igeuzwe huzuni ili watu wazima waruhusiwe. Hakuna upande unaouliza kwa nini furaha ihitaji kibali. Hekaya za Abunuwasi zimesimuliwa na wazee wenye mvi mbele ya wazee wenye mvi, na hakuna aliyewaambia warudi chuoni.

Lakini hoja nzito kuliko zote haimo katika historia ya aibu. Imo katika kile ambacho mbwembwe zinaweza kukifanya na giza haliwezi.

Kuanzia 1985 hadi 1986 Marv Wolfman na George Pérez walitoa Crisis on Infinite Earths, hadithi ya matoleo 12 ambamo mbingu zinageuka nyekundu, dunia moja baada ya nyingine zinafutwa, na katika toleo la nane Flash, Barry Allen, anakimbia hadi mwili wake unakwisha ili wengine wapone. Oktoba 2014 kipindi cha kwanza kabisa cha The Flash kilimalizika kwa kuonyesha gazeti la siku zijazo, la Aprili 2024, lenye habari kwamba Flash ametoweka katika janga. Asiyesoma katuni aliona kitendawili. Aliyezisoma aliona hati ya kifo. Miaka mitano aliibeba hati hiyo moyoni, huku akimtazama kijana yule akiimba, akioa, akitaniwa na nyani mwenye akili na papa mwenye miguu. Desemba 2019 makutano makubwa kuliko yote yalipoanza, yakichukua tamthilia tano na kukamilika Januari 2020, tarehe ya gazeti ilikwisha kusogezwa karibu, na kila mjuzi alijua nani atakufa.

Akafa mwingine. Katika dunia mojawapo alikuwapo Flash wa tamthilia ya CBS ya mwaka 1990, tamthilia iliyodumu msimu mmoja tu na kuhesabiwa miongoni mwa vioja vilivyosahaulika, shujaa akiwa amevalishwa vazi zito jekundu lenye misuli ya bandia. Mwigizaji wake, John Wesley Shipp, alikuwa na umri wa miaka 64. Vazi ni lile lile. Misuli ni ile ile ya bandia. Naye ndiye aliyeigiza, katika tamthilia mpya, baba yake Barry, aliyeuawa mbele ya macho ya mwanawe. Mzee huyo alimnyang'anya Barry kasi yake, akapanda juu ya mashine ya kukimbilia, akakimbia badala yake. Alipokuwa akikimbia, zilipita kwa nukta chache picha zilizochukuliwa kutoka tamthilia yake ya 1990, yeye kijana, na mwanamke aliyekuwa mwenzi wake katika kisa kile. Kisha akakwisha.

Kwa mtazamaji mpya, mtu wa makamo aliyevaa nguo za kuchekesha amekufa. Kwa mpenzi wa siku nyingi, deni la 1985 limelipwa kwa sarafu ya 1990, na mlipaji ana uso wa baba. Hakuna filamu ya giza inayoweza kulitunga tukio hilo, kwa sababu giza huanza kwa kuikana misuli ya bandia. Huanza kwa kusema: yale ya zamani yalikuwa utoto, sasa tumekua. Makutano ya mbwembwe hayamkani mtu. Dunia ya Adam West ni dunia, ya Shipp ni dunia, na shamba la Tom Welling wa Smallville ni dunia. Brandon Routh, aliyepewa joho la Superman kwa filamu moja tu mwaka 2006, amerudishiwa joho lake, na anaambiwa amefanana mno na Ray Palmer, kwa kuwa wote wawili ni yeye. Hata Batman wa giza ana kiti chake. Kevin Conroy, sauti ya Batman wa katuni tangu 1992, alionekana kwa sura yake akiwa Bruce Wayne kwa mara ya kwanza, na alipofariki Novemba 2022 ikawa ndiyo pekee. Alipewa kumwigiza Bruce aliyekonda moyo, muuaji, mwili wake ukishikiliwa na vyuma. Hivyo ndivyo makutano yalivyomjibu anayetaka mvua na weusi: karibu, na wewe ni mmoja wetu, lakini nyumba si yako peke yako.

Na yatazamwe mandhari ya mwisho ya kisa kile. Oliver Queen wa Arrow amekufa. Wenzake wamewasha moto wa kumkumbuka, wameketi kuizunguka meza kama ile ya mwaka 1940, kila kiti na alama yake. Ndipo inasikika kelele; kizimba kimevunjwa, na juu yake limeandikwa jina la Gleek, kima wa katuni za Super Friends za miaka ya 1970. Matanga na kima aliyetoroka, ndani ya dakika zilezile. Mahakimu waliita hilo kukosa adabu. Msomaji wa majarida anajua kwamba ndivyo yalivyokuwa sikuzote: ukurasa wa kushoto mtu anazikwa, wa kulia anageuzwa kobe.

Haya hayamaanishi kwamba kila kipindi cha makutano kisifiwe. Vingine vilitungwa kwa haraka, mazungumzo yakarudiwarudiwa, na vita vya mwisho na Anti-Monitor havikuwa na uzito uliostahiki dunia zote zilizofutwa. Viko pia vibaya kwa asili yake. Januari 1979 NBC ilirusha Legends of the Superheroes, vipindi viwili maalumu, West na Ward wakiwamo. Katika cha pili mashujaa walipangwa jukwaani ili watupiwe vijembe, huku kicheko cha kurekodiwa kikisukumwa nyuma ya kila kauli. Rangi ni zilezile, majoho yaleyale, na hakuna kinachosisimua, maana waliokitunga hawakumpenda yeyote waliyemcheka. West wa 1966 alicheka pamoja na Batman. Mwaka 1979 Batman aliitwa ili achekwe. Anayeshindwa kuzitofautisha mbwembwe hizo mbili hana ladha kali kama anavyojidai. Hana ladha.

Kinachoshangaza ni kwamba sinema, iliyozidharau mbwembwe hizi kwa miaka, iligeuka ikaja kuzikopa. Januari 2020 Flash wa sinema, Ezra Miller, alijitokeza kwa dakika chache katika makutano yaleyale, akakutana na Flash wa televisheni, Grant Gustin, na ni kwake alikolisikia kwanza jina la Flash. Mgeni tajiri akaondoka na jina aliloazimwa na maskini. Juni 2023, wiki chache tu baada ya tamthilia ya Gustin kumalizika, ikatoka filamu ya Miller yenye gharama ya takribani dola milioni 200, nayo ilikuwa ya makutano. Gustin hakuwamo. Shipp hakuwamo. Michael Keaton alikuwamo, na inapasa kukiri kwamba ndiye aliyeipa uhai. Lakini pale dunia zilipofunuliwa, zilionyeshwa nyuso za George Reeves, aliyefariki 1959, na Christopher Reeve, aliyefariki 2004, zimefinyangwa kwa kompyuta, hazisemi, hazimtazami mtu, zinageuka taratibu kama vinyago dukani.

Dakika za mwanzo za tarehe 8 Desemba 2019 zilikuwa na mandhari nyingine. Barabarani anatembea mzee wa miaka 74, nguo zake zina rangi za Robin, mkononi ameshika kamba ya mbwa. Ni Burt Ward. Mwenzake Adam West alikwisha kufariki Juni 2017, akiwa na miaka 88, na mji wa Los Angeles ukamwaga kwa kumulika alama ya popo juu ya ukuta wa jengo la manispaa. Sasa Ward yuko peke yake. Mbingu zinageuka nyekundu. Anainua kichwa na kupiga ukelele wake wa zamani, kwa sauti ile ile ya mwaka 1966, kwa uso ule ule mkavu, bila ya kukonyeza.

Wanaoionea haya furaha na waziweke mandhari hizo mbili ubavu kwa ubavu, kisha waseme ni ipi iliyowavunjia mashujaa heshima.